Mtoto aliye chini ya picha ya dagaa

Admin, nifichie jina, ingawa watu wa Ujiji wakisoma watanijua tu na sitawalaumu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa uchoraji. Figo zangu zimechoka na daktari ameniambia ukweli bila kuzunguka. Naandika kwa kidole kimoja, napumzika, naendelea, kwa hiyo mnivumilie wanangu. Nina jambo ambalo sitaki kuzikwa nalo.

Nilipostaafu, mimi na marehemu mke wangu tulibomoa ukuta kati ya vyumba viwili vya mbele vya nyumba yetu, Kasingirima, tukafanya ukumbi wa picha wa mtaa. Kuingia bure, kuchora bure. Vitambaa vya kuchorea hatukuvimudu, tukawa tunachora kwenye mbao za mitumbwi iliyochakaa ambazo mafundi wa ufukweni walituwekea. Utaratibu ulikuwa mmoja: picha ikimaliza msimu ukutani bila mwenyewe kuichukua, tunaipaka rangi nyeupe na ubao anapewa mwingine. Kila mtu aliujua, hakuna aliyenuna. Tulifurahi sana miaka ile. Wauza dagaa waliingia na beseni zao kichwani kutazama. Mmoja alisimama mbele ya picha ya samaki akaniambia, "Mwalimu, huyu samaki wako ana macho ya mjumbe wetu." Ukumbi mzima ulicheka, na mjumbe mwenyewe alikuwemo.

Akaanza kuja mama mmoja wa Burundi, aliyekuwa akiishi kwa ndugu zake Buzebazeba. Brashi alikuwa hajawahi kuishika. Aliniambia, "Nifundishe kuchora mtu mmoja tu, Mwalimu. Wengine sina haja nao." Mtu huyo alikuwa mwanawe wa miaka minne, aliyefariki kwa homa njiani wakati wanakimbia vita. Hakuwa na picha yake hata moja. Alikuja kila Jumamosi kwa miezi kadhaa, akichora kwa kumbukumbu. Mdomo aliufuta sijui mara ngapi. Siku moja aliweka brashi chini, akautazama ubao, akasema polepole, "Umwana wanje," mtoto wangu, kisha akakaa sakafuni. Nyuma ya ubao aliandika jina la mtoto kwa penseli.

Baadaye ikabidi aende kambi ya wakimbizi. Akaniletea ubao umefungwa kwenye kanga. "Kule tunalala chini ya turubai, mvua itamharibu. Nitunzie." Nikamjibu, "Huyu hapakwi nyeupe. Nakuahidi." Nikauweka nyuma ya kabati.

Miaka ikapita, mke wangu akapata saratani. Alipoona siku zinakwisha aliniomba ubao. Alitaka kuchora wanawake wakianika dagaa kule Kibirizi alikokulia. Ilikuwa masika, mafundi hawakuwa na mbao, na yeye hakuwa na muda wa kusubiri. Nikautoa ule wa nyuma ya kabati. Binti yangu nimemwambia kwamba nilichanganya mbao. Sikuchanganya. Niliifungua ile kanga, nikamtazama yule mtoto, nikaanza kumpaka nyeupe kuanzia kidevuni, kwa sababu kuanza na macho sikuweza. Nilijiambia yule mama hatarudi tena. Mke wangu alichora siku kumi na moja, akafariki ya kumi na tatu, na hakujua kilichokuwa chini ya brashi yake.

Picha hiyo ndiyo inayotazamana na mlango hadi leo. Watoto wote wa ukumbini wamejifunza kuchora kwa kuiiga. Kila tunapoiteremsha kufuta vumbi nahakikisha naishika mimi, maana lile jina la penseli bado linasomeka nyuma.

Mwezi uliopita yule mama alikuja. Amezeeka, anajiandaa kurudi kwao Burundi. "Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kumchukua mwanangu." Nikamwambia mchwa walikula. Aliketi kwenye benchi, picha ya dagaa iko mbele yake. Kisha akasema, "Hata kipande walichokiacha, nipe. Nikakizike kwetu, kwa sababu yeye mwenyewe tulimwacha njiani." Nikasema nitatafuta. Akasema atarudi Ijumaa hii, ndiyo siku yake ya mwisho mjini. Alipoinuka aliiangalia ile picha. "Hii ya dagaa nzuri. Nani kachora?" Nikamwambia ni marehemu mke wangu. "Mungu amrehemu. Wewe umebaki na mkono wake."

Binti yangu ndiye anayeuendesha ukumbi sasa. Nilipomweleza, alisema, "Baba, ulikosea, yameisha. Umemwambia mchwa na amekubali, sasa unataka kumuumiza upya?" Nikamuuliza, je, tukimpa ule ubao? "Ukiutoa pale ukutani, mimi nafunga huu mlango. Mama yangu yuko pale." Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba sikuchanganya, nilikusudia.

Jana binti yangu alikwenda Mwandiga, nikavuta kiti mpaka ukutani nikakwangua kona ya chini kwa kijiko. Ikatoka bluu ya ziwa la mke wangu, ikatoka nyeupe, chini yake ikatokea kahawia. Nimefundisha rangi maisha yangu yote, na sikuweza kujua kama ile kahawia ni shavu la mtoto au ni mbao tu. Nikaacha.

Nikiukwangua wote, huenda nikawapoteza wote wawili. Nikimpa ulivyo, namnyang'anya binti yangu mama yake, na ukumbi unafungwa. Nikinyamaza, yule mama ataondoka akiniombea dua, nami nitakufa nimeombewa na mtu niliyemdanganya. Na hata nikisema, sijui nianze na nani, yeye au binti yangu, ambaye naye bado anaamini nilichanganya mbao.

Nishaurini, wanangu, nifanye nini? Nitasoma kila mtakachoandika, hata cha kunisema vibaya. Leo ni Jumanne. Ijumaa atakuja, na ameniambia haleti kanga ya kumfungia mwanawe, anajua ile yake bado ninayo.