Usukani kwa Dereva

Ukienda kumnunulia dereva kifaa cha gemu ya magari, usiende naye.

Kaka yangu aliendesha lori la tumbaku kule Urambo miaka mingi, mpaka ajali ikamwondolea mguu wa kulia. Siku hizi anashinda kwangu Chemchem, anacheza gemu ya magari kwa vitufe vya kompyuta. Anasema anaendesha kama karani.

Leo tukaingia dukani. Yeye alitaka pedi ya kawaida tu, ile ya kuchezea gemu kwa vidole.

Mimi, mjuaji wa ukoo, nikasema dereva hapewi pedi. Anapewa usukani.

Muuzaji akatufungia mmoja tuujaribu, na pedeli zake chini.

Jamani, alivyoushika. Akatazama hadi kioo cha pembeni, ambacho hakipo.

"Braza, hapo unasubiri utingo tu," muuzaji akamwambia. Tukacheka wote watatu.

Kisha ikaja kona.

Nikaona bega lake la kulia linashuka. Ile suruali iliyokunjwa na kufungwa pini ikasukuma chini kwa nguvu, ikitafuta breki.

Gari likaingia ukutani.

Muuzaji akaanza kupanga waya ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mdogo wangu," kaka akasema, "chukua ile pedi. Breki ya kidole inanitosha."

Sasa hivi yupo kwenye kochi, anacheza. Kidole kinabonyeza breki vizuri kabisa. Ila kila kona, lile paja nalo linakandamiza kochi.

Nipo pembeni yake, najifanya nachati. Nyie mngemwambia nini?

Mimi nimesema, "Kona kali hiyo, kaka."