Dawa ya Mbwa, Paka wa Wifi

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Pindo, kwa sababu nguo aliyoikunja yeye ingechakaa, ichanike, iwe tambara la kudekia, na pindo lake bado limeshika. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi nyuma ya cherehani ileile katika chumba cha mbele, dirisha wazi, pini mdomoni, na kwa ajili ya zile pini hakuwa mtu wa kujibu haraka. Watu walidhani ni upole. Wifi yake peke yake ndiye aliyejua kuwa haukuwa upole.

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mumewe, nesi mstaafu, mwanamke mrefu ambaye viatu vyake vilimeta hata siku ya kufua. Siku ya harusi, mbele ya wageni, alisema, "Kaka yangu kaenda kuoa, karudi na sindano." Wageni wakacheka. Pindo hakucheka, na hakusahau. Mume alipofariki aliacha nyumba ya vyumba vitatu, nusu yake ikiwa ya dada yake kwa kuwa wote wawili waliirithi kwa baba yao. Aliacha pia mbwa wa rangi ya kahawia, mzee, mvivu, anayebwekea watu anaowajua na kuwapisha wageni. Mwaka uliofuata nesi akastaafu, akaja na masanduku mawili na paka mweupe, akashika chumba cha nyuma. Kati yao palikuwa na korido nyembamba na jiko moja, na humo jikoni kila mmoja alikuwa na chumvi yake na mwiko wake.

Waliishi hivyo, hawapatani na hawapigani, mpaka walipokuja viroboto.

Mwanzoni Pindo alijikuna vifundo vya miguu akadhani ni mbu. Kisha akaona vipele vimepangana mstari, kama mshono wa mkono. Mbwa naye akawa anajikuna mpaka mguu wake unagonga sakafu kama mtu anayebisha hodi. Alhamisi moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kujaribu suti yake ya rangi ya maziwa. Alipoinua mkono ili apimwe kwapa, kitu cheusi kikatembea kwenye bitana.

"Pindo, huyu ni nani?"

"Ni uzi tu, mwalimu."

"Uzi hauruki."

Na huo uliruka. Mwalimu mkuu alivua lile koti, akalikung'uta mlangoni mbele ya wapita njia, akaondoka nalo likiwa bado halijashonwa mkono wa pili. Kufika Jumamosi wateja watatu walikuwa wametuma watu kuchukua vitambaa vyao.

Pindo alimkuta wifi yake jikoni, anakoroga chai.

"Wifi, paka wako ananiharibia kazi."

"Paka wangu anajilamba mchana kutwa. Mbwa wako mara ya mwisho kuoga ilikuwa mvua."

"Kabla hujaja humu hapakuwa na kiroboto."

"Kabla sijaja humu hapakuwa na mtu wa kukuambia kwamba wapo."

"Hii ni nyumba ya mume wangu!"

"Ni nyumba ya baba yangu." Nesi alionja chai, akaongeza sukari. "Nyani haoni kundule, wifi."

Tangu hapo ikawa vita. Paka akikatiza chumba cha mbele, Pindo humpulizia maji kwa chupa ya kupigia pasi. Nesi naye hudeki korido kwa dawa kali ya hospitali, akafika katikati kabisa, akasimamisha tambara pale kana kwamba pana mpaka wa nchi, na taka akazisukuma upande wa pili. Salamu zilikatika. Lililopaswa kusemwa lilipitishwa kwa wanyama. "We mbwa, hama humo, utaambukizwa uchafu," nesi alisema kwa sauti ya kusikika uani. Na Pindo, akimtazama paka: "Mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe huu mwaka wa ngapi?"

Mwisho Pindo alikwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji alimpa kichupa chenye dawa ya kudondoshea shingoni.

"Hii ni ya mbwa tu," alisema. "Nyumbani una paka?"

"Sina," Pindo alijibu, na hakusema uongo, maana paka hakuwa wake.

"Vizuri. Maana paka akiipata, inamuua."

Pindo alisikia. Aliyasikia maneno yale vizuri sana, akatembea nayo mpaka nyumbani.

Alimdondoshea mbwa kama alivyoelekezwa, nusu ya kichupa. Zikapita siku kumi, na bado viroboto walikuwa wanampanda miguuni kila akikanyaga cherehani. Mbwa ametibiwa, alijiambia. Basi amebaki nani? Kichupa kilikuwa rafuni, nusu kimejaa, na kila alipoinua kichwa alikutana nacho.

Asubuhi moja nesi alipotoka kwenda kupima presha, Pindo alimfuata paka dirishani kwenye korido. Alimfunika kwa kipande cha fulana, akatenganisha manyoya ya shingo kwa vidole viwili, akamimina yote yaliyobaki. Paka hakupambana. Alidhani anabembelezwa, akaanza kukoroma. Pindo alirudi kwenye kiti chake akiwa na hisia ya mtu aliyekata kitambaa cha watu bila kupima, na akaendelea kushona.

Haukupita muda mrefu akasikia kitu kinagonga gonga ukuta wa korido. Paka alikuwa amelala ubavu, masikio yanacheza, miguu inatetemeka, povu limemlowesha kidevu. Pindo alisimama juu yake. Alijua duka la kwenda kuuliza, alijua sabuni iko wapi. Alisimama tu, mikono ikining'inia, mpaka geti lilipolia.

Nesi hakupiga kelele. Alipiga magoti na viatu vyake vile, akagusa shingo ya paka, akanusa vidole.

"Umempaka nini?"

"Dawa."

"Ya nani?"

"Ya mbwa."

"Ulijua?"

Siku hiyo Pindo hakuwa na pini mdomoni. "Nilijua."

Sauti ya nesi ikawa ile ya wodini. "Leta beseni. Maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni ya vyombo. Mshike mabega, na ukimwachia nakuvunja mkono." Waliosha ile shingo mara tatu, vichwa vyao vikikaribiana kuliko vilivyowahi kukaribiana tangu harusi. Wakamviringisha paka katika kitambaa cha kwanza walichokishika, wakaenda mbio mitaa miwili mpaka kliniki ya wanyama, nesi amembeba, Pindo nyuma yake.

Daktari, msichana aliyeweza kuwa binti wa yeyote kati yao, alimchoma paka sindano ya kutuliza ile mitetemo. Alisema atamlaza hapo siku mbili, na kwamba bila kule kuoshwa wangemletea maiti. Kisha akauliza kilichowafikisha hapo. Nesi akasema kwa ufupi, "Viroboto."

"Wale mnaowaona mwilini ni wachache," daktari alisema. "Wengi wamo ndani ya nyumba. Mayai yanadondoka, yanaanguliwa, na mabuu yanajificha gizani penye vumbi na nguo. Ukitibu mnyama mmoja ukaiacha sakafu, umechota bahari kwa kijiko. Wanyama wenu wanalala wapi?"

"Wangu kitandani kwangu. Shuka nachemsha kila wiki."

"Na mbwa?"

Pindo aliangalia meza. "Chini ya cherehani. Juu ya gunia la mabaki ya vitambaa."

"Gunia lina muda gani?"

"Tangu mume wangu yupo."

"Kikulacho," nesi alisema taratibu, na hakumalizia. Hakuna aliyehitaji amalizie.

Jioni ileile gunia lilikokotwa uani. Pindo alilimwaga mwenyewe, wifi yake amesimama mlangoni, mikono kifuani. Vumbi lilitoka jeusi kama pilipili manga, na ndani ya vumbi vitu vyeupe, vyembamba kama nyuzi, vilikuwa vinajinyonganyonga. Chini kabisa yalikuwa mabaki ya mashati aliyomshonea mumewe, moja moja, toka wakiwa wachumba. Hayo ndiyo yaliyomfanya asilitupe lile gunia. Alisimama akiwa na kipande cha mistari ya bluu mkononi.

"Hilo alilivaa kwenye mahafali yangu," nesi alisema.

"Najua. Nililishona mimi."

Nesi akawasha moto palepale uani, na kile kipande kikaingia pamoja na vingine.

Wiki nane walisafisha, kila mmoja kwa hasira zake. Waliokota vumbi kwenye nyufa kila siku, wakachemsha kila kilichochemshika, wakaanika godoro, wakawachana wanyama kwa chanuo na kuzamisha viroboto katika maji ya sabuni. Mbwa akapewa dawa yake kila mwezi, paka yake, na ya paka nesi aliifungia sandukuni, ufunguo shingoni. Daktari alikuwa amewaonya kwamba wataendelea kuona viroboto kwa muda, wale wachanga wanaotoka katika vifuko walimokulia, wasikate tamaa. Walipungua. Mwisho Pindo alikaa wiki nzima bila kujikuna, na mwalimu mkuu akarudi na lile koti la mkono mmoja.

Ndipo akaenda kubisha chumba cha nyuma.

"Wifi, nisamehe."

Nesi alikuwa anamchana paka, ambaye tangu ile siku alikuwa akitembea ameinamisha kichwa upande mmoja. "Huyu ameshakusamehe. Hana kumbukumbu. Mimi ninayo, na usiniombe tena."

Mwezi haukuisha nesi akaleta fundi mwashi. Chumba chake kikatobolewa mlango wa kutokea uani, akajengewa jiko lake dogo nyuma, na korido ikaanza kuzibwa katikati, palepale alipokuwa akisimamisha tambara. Pindo angeweza kupinga. Nusu ilikuwa yake. Hakupinga. Alishona siku nzima huku ukuta unapanda nyuma yake, tofali juu ya tofali.

Lilipobaki tundu la ukubwa wa kichwa, fundi alichungulia upande wa Pindo. "Mama, niwaachie hapa nafasi ya hewa? Hata ya kuitana mtu akiugua."

Pindo alitoa pini mdomoni ili ajibu. Sauti ya upande wa pili ikamtangulia.

"Ziba."

Fundi alimwangalia Pindo, mwiko umejaa udongo.

"Umemsikia," Pindo alisema, na akakanyaga cherehani.