Macho Makavu ya Kijana wa Jirani

Mume na mke wa nyumba inayotazamana na yetu hapa Mbotela waliuawa. Baada ya matanga, polisi walimchukua kijana wao mkubwa kwenda kumhoji. Hawakusema ni yeye. Mtaa ndio uliosema.

Nilikuwa nangoja chapati kwa mama anayepikia pale kona, naye akizigeuza huku akitoa hukumu. "Hata hakulia. Wazazi wote wawili, na macho makavu. Ni yeye tu." Wateja wakaitikia kama wako kanisani.

Niliudhika. Matangani nilimwona kijana yule midomo ikianza kumtetemeka, na nikamwona mama huyuhuyu akimshika mabega. "Jikaze, baba. Wewe ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Ukilia, wadogo zako watamtazama nani?" Kijana akameza machozi, akaenda kupanga viti.

Kama aliua au hakuua, mimi sijui. Nilimkumbusha mama maneno yake tu. Akaipaka chapati mafuta, akaigeuza.

"Hayo tunamwambia kila mfiwa," akasema. "Mbona ni yeye tu aliyeweza?"