Mtamba Aliyevushwa Ziwa

Dada yangu hakuolewa kwa ng'ombe. Kijijini kwetu, upande wa Lagangabilili, enzi hizo ambapo hakuna aliyeota kwamba pale pangekuja kujengwa ofisi za wilaya, hilo lilikuwa jambo la kusemwa kwa kunong'ona. Mumewe alitoka kisiwani na kazi yake ilikuwa kununua sangara. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Viwanda vya samaki vilikuwa vimefunguliwa Mwanza, na kijana yeyote mwenye boti ya mashine na sanduku la barafu alitembea na noti mfukoni, wakati wazee wetu wa pamba walikuwa bado wanausubiri ushirika uwalipe ya msimu uliopita. Shemeji alikuja na mahari ya noti, baiskeli na mabati. Baba akapokea, kwa sababu njaa haikuwa mbali, na kwa sababu dada mwenyewe alimtaka mtu wake.

Mabati yale yalipigwa juu ya nyumba yetu yakang'aa hadi ng'ambo ya mbuga, na majirani wakaipa nyumba jina: nyumba ya sangara. Mvua ikinyesha, mzee wa boma la jirani alimuuliza baba kama shombo haidondoki ndani. Sisi Wasukuma tunataniana, na anayekasirikia utani ndiye anayeongezewa. Baba alicheka na wenzake. Akirudi nyumbani alikaa kwenye kigoda akiangalia zizi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kama atakula sasa au baadaye.

Habari zilipofika kwamba dada amejifungua mtoto wa kiume, baba alisema atampelekea mjukuu wake ng'ombe. Alisema mtoto wa ukoo wake hawezi kukulia kwenye supu ya samaki kama paka, na kwamba siku ng'ombe akisimama katika ua ule, hakuna atakayesema tena kuwa binti yake aliuzwa gulioni. Mama akauliza kama huko kisiwani kuna majani. Baba akamjibu kwamba penye watu pana majani. Kwa desturi zetu mama asingeweza kwenda, maana mama mkwe haendi kukanyaga ua wa mkwe wake hivi hivi. Nikachaguliwa mimi, binti aliyebaki, kufuatana na baba.

Mtamba hakutoka zizini kwetu. Kama wafugaji wengi, baba hakuweka mifugo yake yote mahali pamoja. Aliwagawa kwa marafiki ili ugonjwa au wezi wasimfilisi kwa mara moja. Huyu alikuwa amelelewa kwa rafiki yake karibu na Kiloleli, na kijijini kwetu hakuna aliyekuwa amewahi kumwona. Alikuwa mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na alikuwa na mimba. Alikuwa ng'ombe mzuri, hilo siwezi kumnyima.

Nami nilikuwa na mipango yangu. Mnadani Bariadi nilikuwa nimejinunulia gauni la mtumba lenye mkanda, na viatu vyenye kisigino kidogo. Nilitaka watu wa kisiwani waone kwamba kwenye nchi ya pamba nako kuna watu. Sikuwa nimepanga kuonekana nikitembea nyuma ya mkia wa ng'ombe, fimbo mkononi na kibuyu cha samli kichwani.

Pale mwaloni, boti zinapopakia abiria, nahodha alimwangalia mtamba, akamwangalia baba, akauliza kama tunamaanisha. Baba alimaanisha. Wakamfunga miguu, wakamlaza ndani ya boti juu ya majani, na abiria wakakunja miguu yao kumpisha. Kulikuwa na mama mwenye kapu la mikate, wauzaji wa sabuni na mafuta ya taa, na mtu aliyekalia robota la mitumba. Hatujafika mbali, mtamba akatupa pembe yake ubavuni mwa boti na ncha ya pembe ya kushoto ikakatika. Kisha akajisaidia. Mama wa mikate alilinyanyua kapu lake akalipakata na kulishikilia hivyo mpaka mwisho wa safari. Niliangalia maji. Ningekuwa najua kuogelea ningeruka.

Kisiwa kilikuwa kidogo, cha mawe makubwa meupe kwa kinyesi cha ndege, na kimya ambacho sijawahi kukikuta popote bara. Hapakuwa na njuga, wala mbwa, wala mtu wa kuita mtu kutoka mbali. Watu waliongea polepole kwa sababu kila mtu alikuwa karibu. Nyumba zilijipanga ufukweni, nyuma yake mihogo, na mihogo ile haikuwa na uzio hata wa mwiba mmoja. Mchangani walikuwa wametandaza nyavu, na juu ya nyavu dagaa wanakauka juani, wanang'aa hadi unafumba macho.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa, kabla hata boti haijagusa mchanga. Mahali pasipo na uzio ni mahali pasipo na ng'ombe. Mfugaji yeyote angeliona hilo kwa jicho moja, na baba alikuwa mfugaji tangu atambae. Nilimtazama usoni. Alikuwa akitazama mbele, kidevu juu.

Walipomfungua kamba, mtamba alisimama akitetemeka, miguu imekufa ganzi. Kisha akakimbia. Alipita katikati ya dagaa, akarudi akapita tena, nyavu zimemnasa kwato, akaingia kwenye mihogo ya bibi mmoja na kuanza kung'oa majani. Wanawake waliinuka, wakaanza kuokota dagaa mmoja mmoja kutoka kwenye mchanga na mavi. Hakuna aliyetukana. Laiti wangetutukana. Mmoja alinitazama kuanzia viatu hadi mkanda wa gauni, akaniambia karibu, akaendelea kuokota.

Dada alikuja mtoto mgongoni; mumewe alikuwa amepeleka samaki Mwanza. Alipiga magoti kumwamkia baba, "Mwadila, baba," na baba akaitikia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mabati yapigwe. Alimwonyesha mtamba kwa fimbo. Alisema huyo ni wa mtoto. Dada alimtazama mnyama akiwa bado magotini, akashukuru, "Wabeja, baba," na sauti yake ilikuwa sawa kabisa, lakini mikono iliyomshika mtoto nyuma ilikuwa imejifunga mpaka vidole vimebadilika rangi.

Baba mkwe wake alikuwa mzee mpole, mwembamba, mwenye macho mekundu ya moshi. Alitushukuru kwa maneno marefu. Wakamfunga mtamba kwenye jiwe, watu wakaenda kumkatia matete. Wakampikia baba kichwa cha sangara, heshima ya mgeni mkubwa, na baba akakitazama, akakisogeza taratibu mbele yangu, akala ugali wake kwa chumvi. Mwenye nyumba aliona. Nilikula kichwa chote mpaka mfupa, haraka, kama vile nikikimaliza itakuwa hakikukataliwa.

Na mtamba akalia. Ng'ombe hakai peke yake. Huyu alikuwa amelala kila siku ya maisha yake katikati ya wenzake, na sasa aliwaita. Alilia jioni, akalia mpaka asubuhi. Kwenye kisiwa kile kimya hapakuwa na mahali pa kulala ambapo hukumsikia. Asubuhi watu walipita mlangoni kwetu macho yamevimba, wakatuamkia vizuri, wakatuuliza tumelalaje. Baba alijibu kwamba amelala, na kwamba mnyama atazoea.

Dada aliniita twende kuchota maji. Tulipofika kwenye mawe akaweka ndoo chini.

"Baba amesahau ng'ombe wanavyoishi?"

Nilimwambia hajasahau. Nilimweleza habari za nyumba ya sangara na za shombo, kwa sababu yeye hakuwahi kuzisikia. Alikaa juu ya jiwe akasikiliza mpaka mwisho, mtoto akinyonya.

"Hata mimi nililia nilipokuja," akasema. "Wakaniambia nyamaza, nikanyamaza. Huyu nani atamwambia nyamaza?"

Alisema bibi mwenye mihogo ni dada yake baba mkwe, na kwamba amechukua muda mrefu kumfanya bibi huyo amkubali. Kwamba wenye dagaa ni wenzake wa kazi. Kwamba kila mtu atanyamaza, kwa heshima, na kila mlio wa mtamba utaandikwa kwake yeye. Lakini hawezi kumwambia baba arudi na zawadi yake. Akaniuliza kama mimi naweza. Nilimwambia nami siwezi, na ilikuwa kweli. Hakuna binti wa baba yangu aliyekuwa na mdomo wa kumwambia maneno hayo.

Aliyeweza ni yule mzee mpole. Alimkaribisha baba kwenye kivuli cha boti iliyopinduliwa na kuanza kwa kumsifu mtamba: mgongo wake, rangi yake, mimba yake. Baba alichanua. Kisha mzee akasema, "Ndugu yangu, mnyama wetu tumempokea mbele ya watu wote. Sasa tunakuomba utulelee. Sisi tunajua maji tu. Akae zizini kwako, mama wa mtoto akija kuwasalimu amkute."

Ilikuwa adabu ya hali ya juu. Aliichukua desturi yetu wenyewe ya kugawa mifugo kwa marafiki, akatufungia ndani yake kile ambacho kisiwa kizima kilitaka kusema. Baba alielewa. Nilimwona anaelewa, kidevu kikishuka kidogo kidogo, fimbo ikichora mchangani. Akasema ni sawa, atawalelea. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, na mimi nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kwenye boti, kwa sababu kwenye boti nilimwonea aibu yeye, na sasa niliionea huruma aibu yake, jambo ambalo mtoto hatakiwi kulifanya.

Tukarudi ng'ambo naye, miguu imefungwa, pembe imekatika. Ingekuwa rahisi kumwacha tena kwa rafiki wa Kiloleli. Baba akasema tupite njia ya mbali. Hakutaka rafiki yake amwone mnyama amerudi. Tukatembea naye, tukilala kwa jamaa, mpaka nyumbani. Viatu vyangu vya kisigino nilivibeba mkononi. Baba alikuwa amepanga kuingia kijijini mchana, watu wakiwa mashambani.

Hakujua kwamba siku hiyo mnunuzi binafsi wa pamba amekuja, mtu na mzani wake na lori, ametua pale pale njiani. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya magunia yake ya pamba. Walituona tangu mbali: baba, mimi, na mtamba mgeni, tukitokea upande wa ziwa. Yule mzee jirani, bingwa wa shombo, alisimama.

"Huyo ni wa nani?"

"Ni wa wakwe zangu," baba akasema.

Hakudanganya. Lakini alijua wamesikia nini, maana ng'ombe akitoka kwa wakwe kuja kwa baba wa binti, watu wetu wanaelewa jambo moja tu. Mzee jirani alivua kofia. Akasema kumbe watu wa ziwani nao ni watu, mahari sasa imetimia. Wanawake wakapiga vigelegele juu ya magunia ya pamba. Walinivuta nami nicheze, nikacheza na viatu mkononi, uso unaniwaka. Nilisubiri baba awarekebishe. Alikuwa akiitikia pongezi, mmoja baada ya mwingine.

Jina la nyumba likafa. Mtamba akazaa, ndama jike, na baba akatembea kijijini kama zamani. Nyumbani hatukulizungumza kamwe, hata mama hakuuliza, ingawa aliyeuliza habari za majani ni yeye.

Mwaka uliofuata dada alikuja kusalimu, mtoto wake ameanza kutembea. Wanawake wa jirani walijaa uani kabla hajaweka mzigo chini. Mmoja akamshika mkono na kumvuta hadi zizini, wengine nyuma, wakiimba. Baba alikuwa mle ndani akikamua.

"Njoo umwone ng'ombe wa mahari yako," yule mama akamwambia. "Mume wako ni mwanaume."

Dada alitazama baka jeupe. Akatazama pembe iliyokatika. Mimi nilitazama chini. Sikujua kama aliwahi kuambiwa kijiji kinaamini nini. Mimi sikuwa nimemwambia, na baba asingeweza. Wimbo ulikuwa umekatika, wote wakisubiri neno lake.

"Alitusumbua sana kwenye boti," dada akasema.

Wakacheka, wakapiga vigelegele upya. Baba hakuinuka. Alibaki amechuchumaa, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, mikono inaendelea kuvuta chuchu ambazo maziwa yalikuwa yameshakwisha.