Piano Inayomfaa Mama Philomène

Kwaya yetu ya parokia hapa Kalemie ina mpiga kinanda mmoja tu, naye ni Syntiche. Mchana anachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi karibu na bandari, jioni anatuchezea. Umbo lake dogo, lakini kwa ubishi anatushinda wote. Mimi naimba sauti ya pili, nimegombana naye mara nyingi, kwa hiyo namjua.

Kinanda chetu cha kukanyaga, kilichoachwa na mapadri wa zamani, kilikata pumzi mwanzoni mwa Kwaresima. Panya walitafuna mfuko wake wa hewa. Syntiche alikuwa na kompyuta na klavia, yaani vibonye vya piano vya kuunganisha nayo, alikosa tu sauti ya piano ya kuweka ndani. Kaka yake Ruben, anayeishi Lubumbashi, akaahidi kumzawadia programu. Akamtumia mbili za kujaribu, achague moja.

Ya kwanza ilitengenezwa kwa kurekodi piano kubwa ya kweli huko Ulaya, noti kwa noti. Ilikuwa nzito, ikakaribia kujaza kompyuta nzima. Ya pili haikurekodiwa popote: kompyuta yenyewe inakokotoa jinsi waya wa piano unavyotetemeka. Tulizisikiliza zote mbili sakristini. Kizuri chajiuza, na ile ya kwanza ilitutoa machozi. Ya pili, nilisema wazi, ilinikumbusha sahani zikioshwa. Sote tukachagua ya kwanza, Syntiche naye akakubali.

Kisha Mama Philomène akaimba nayo. Ndiye mwimbaji wetu wa solo ya Pasaka tangu mimi sijaolewa. Sauti yake ikaenda huku, piano kule. Akarudia, ikawa mbaya zaidi. Papa Ignace, kiongozi wa kwaya, mfanyakazi wa reli na mtu mpole sana, akatazama sakafu.

"Mama, mupumzike kidogo," akasema. "Mwaka huu solo tutamupatia Jeannette wa sauti ya kwanza."

Mama Philomène akakaza kitambaa chake kichwani, akaenda kukaa mwisho wa benchi. Nilishikwa na hasira, lakini sikujua nimkasirikie nani.

Syntiche alijua. "Papa Ignace, munipe mpaka mazoezi ya mwisho," akasema. "Mama hakosei. Anaimba vile kinanda kilimufundisha."

Ilikuwa kweli. Kinanda kile kilikuwa kimechakaa kila noti kivyake, hii imeshuka, ile imepanda. Sisi wengine tunafuata chochote tunachopigiwa. Mama alizishika noti zile kama zilivyo, maisha yake yote.

Kesho yake nikamkuta Syntiche sakristini, kinanda amekifungua tumbo. Anachomoa vilimi vya shaba vinavyotoa sauti, kimoja kimoja, anavipuliza kwa mdomo, anasikiliza, anarekebisha noti ileile kwenye kompyuta. Ile programu nzuri iliweza kushusha piano nzima kwa pamoja tu. Ya pili ilimruhusu kushika kila noti peke yake. Basi akaifuta ile nzuri mbele ya macho yangu.

"Unafuta ile muzuri?" nikapiga kelele.

"Muzuri kwa nani?" akaniuliza, akachukua kilimi kingine.

Aliendelea juma zima kila alipotoka kazini. Midomo ilimvimba, nasi hatukukosa la kumtania. Ruben alipopiga simu kumwambia anakosea, piano nzuri haikataliwi, Syntiche alimwambia anunue ya pili, akakata simu.

Kwenye mazoezi ya mwisho hakumweleza mtu kitu. Jeannette alikuwa amesimama tayari. Syntiche akapiga utangulizi wa Aleluya, na kweli ungesema sahani zinaoshwa, lakini mle ndani kulikuwa na noti zetu. Kule mwisho wa benchi Mama Philomène akainua kichwa. Jeannette akamwangalia, akasogea pembeni. Mama akasimama bila kuitwa, akaimba, na sauti yake ikakaa juu ya piano bila kuyumba.

Papa Ignace akamfuata, kofia mkononi. "Mama, munisamehe. Nilifikiri sauti yenu imeisha."

"Hata mimi, Papa," akasema Mama Philomène. "Hata mimi nilifikiri imeisha." Ndipo akalia.

Syntiche hakungoja amalize. Akaanza ubeti wa pili, na Mama akauimba hivyohivyo, akilia.