Mvua Ilipopiga Badala ya Baba

Vitabu vyetu vya shule, vilivyoandikwa na watu wa mbali, viliita miezi ya Septemba hadi Novemba majira ya majani kuanguka. Hapa Kindu, mashariki mwa Kongo, hakuna jani linaloanguka kwa kufuata kalenda. Miezi hiyo ni ya mvua, na kwangu mimi ni ya saksofoni, ingawa chombo chenyewe sijawahi kukipuliza hata siku moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Vita vilikuwa vimekatiza masomo yangu ya chuo kikuu huko Kisangani, nikarudi nyumbani na mfuko mmoja wa nguo na madaftari mawili. Gari la moshi lilikuwa limeacha kufika. Nyasi ziliota katikati ya reli. Baba yangu, fundi wa karakana ya reli, aliendelea kwenda kazini kila asubuhi, akaketi na wenzake, akarudi. Kisha, mvua za kwanza zilipoanza mwaka ule, mapigano yalisogea mbali na mji, na mama mmoja mjane aliyekuwa na klabu karibu na stesheni akafungua milango yake. Aliwatumia habari wanamuziki waliokuwa wamebaki: jazi, kama tulivyoita orkestra zetu za kuchezea dansi, ingepigwa tena kila Jumapili hadi Noeli.

Kwa kuwa usiku haukuwa wetu, tulianza saa nane mchana, watu wakitoka misani, na kumaliza mapema ili watu wa Alunguli, ng'ambo ya pili, wapate kuvuka mto Lualaba kabla ya giza. Umeme haukuwapo. Magitaa yalifungwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka waya za breki za baiskeli. Kiingilio kilikuwa kopo la mchele. Wanawake walivaa vitambaa walivyokuwa wamevizika uani wakati wa uporaji, na walipozunguka katika dansi, harufu ya udongo ilizunguka nao. Mimi nilikuwa mmoja wa waimbaji watatu wa kuitikia. Nilisimama hatua moja kutoka kiti cha Baba, mpiga saksofoni wa orkestra.

Saksofoni ilikuwa moja tu mjini. Haikuwa mali ya Baba bali ya orkestra. Yeye ndiye aliyeiokoa kwa kuifukia chini ya banda la kuku. Orkestra ilikuwa na sheria ya zamani ambayo kila mtu aliijua: mpiga chombo akinyamaza kwenye zamu yake, anasimama na kumpa mwingine kiti. Wakati huo mwingine alikuwapo. Mwalimu mmoja wa shule, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa amekimbia kutoka Kibombo, ambako saksofoni yake ilichukuliwa na watu wenye bunduki. Kila Jumapili alikaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti, vidole vikitembea kidogo.

“Papa,” alimwambia Baba siku moja, kwa heshima zote, “nikupokee hata wimbo moja, upumzike?”

“Mwalimu, hii saksofoni njo bibi yangu ya pili. Unaonaga wapi watu wanapokezana bibi?”

“Bibi ya kwanza iko hapa, anasikia!” Mama alipaza sauti kutoka kwenye sufuria za sombe, mboga ya majani ya muhogo, na ukumbi mzima ukacheka, mwalimu akicheka kuliko wote. Lakini vidole vyake havikutulia.

Lazima nieleze habari ya mvua, kwa sababu bila hiyo hakuna cha kusimulia. Dari la klabu lilikuwa limebanduliwa na kuchomwa kama kuni, tukabaki na mabati matupu. Mvua ya Kindu ikipiga bati, mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe. Orkestra ingeweza kusimama na kungoja. Sisi tulikataa kusimama. Mpiga ngoma aliinua fimbo moja juu, akawa anahesabu nayo hewani, na wote tukamfuata kwa macho: wapiga gitaa waliendelea, waimbaji tuliendelea, wachezaji walizungushana chini ya mngurumo ule, kila mmoja akishika wimbo kichwani mwake. Mvua ilipopungua, muziki ulitokeza tena taratibu, na tukajikuta sote mahali pamoja, katika neno lile lile. Hapo ukumbi ulipiga kelele za furaha kuliko mwisho wa wimbo wowote. Katika miaka ile hatukuwa na mambo mengi ambayo tungeweza kuyaacha gizani kisha tukayakuta salama.

Jumapili ya tatu niligundua kwamba, wakati wa mvua, Baba hakuwa akipuliza.

Alifumba macho, vidole vikitembea sawasawa juu ya vifungo, lakini mdomo wa saksofoni ulikuwa umeegemea kidevu chake. Mvua ilipoanza kupungua, aliurudisha kinywani na kuingia mahali pake bila kosa. Baadaye nikaona sababu. Anayepuliza saksofoni huegemeza meno ya juu kwenye mdomo wa chombo, na jino la mbele la Baba lilikuwa limelegea. Alikuwa amezungushia pale kipande cha mpira wa baiskeli ili kupunguza maumivu. Kila wiki kile kipande kiliongezwa unene. Hospitali ilikuwa na madaktari wawili na watu wengi waliokuwa na shida kubwa kuliko jino; tena Baba alijua kwamba jino likitoka, kiti nacho kimetoka.

Sikumwambia mtu. Kwa miaka mingi nimejisifu moyoni kwa ukimya huo, kwamba ulikuwa wa heshima. Sasa nina umri wa kusema kweli: sehemu yake ilikuwa ya kungoja. Nilikuwa nikizifahamu solo zote za Baba tangu utotoni, noti kwa noti. Mwitikiaji huimba maneno mawili na kurudi nyuma. Nami nilikuwa mtu niliyenyang'anywa chuo kikuu, sina kazi, sina neno langu popote, nikiwa na sauti niliyojua ni nzuri.

Jumapili ya mwisho ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwenye klabu alimsimamisha Baba mlangoni.

“Papa wa saksofoni, leo utatupigia ao utafumba tu macho kama padri?”

“Nitapiga mpaka mabati yako yatoke misumari.”

“Yakitoka, weye njo utapanda kuyagongomea!”

Baba alicheka kwa mdomo uliofungwa. Katika wimbo wa tatu, Baba akiwa anainuka kwa ajili ya solo yake, mvua ilishuka. Fimbo ikapanda juu. Baba akafumba macho, akaushusha mdomo wa saksofoni hadi kidevuni, vidole vikaanza kutembea. Nilihesabu pamoja naye. Kwa kawaida mvua zetu hupungua kidogo kidogo, zikimwachia mtu nafasi ya kujiandaa. Ile ilikatika ghafla, kama mlango uliofungwa.

Ukumbi ukasikia magitaa, ukasikia ngoma, na mahali pa saksofoni haukusikia kitu. Katika solo ile, pale pale, palikuwa na mapigo manne ya kimya kabla ya sauti kupanda. Baba alifumbua macho. Mkono wake ulikuwa tayari unainua chombo. Niliona hivyo. Mdomo wa saksofoni ulikuwa umefika karibu na midomo yake.

Nami nikaimba.

Sikungoja mapigo yale manne. Niliingia katika pigo la kwanza, bila maneno, kwa vokali tupu, nikaibeba solo ya Baba kutoka mwanzo hadi mwisho. Watu waliruka. Walidhani tumepanga hivyo. Mwanamke mmoja wa Alunguli alinifunga kitambaa chake kiunoni, na mwenye klabu alipiga vigelegele hadi akakohoa. Baba alikuwa amesimama, saksofoni mikononi, akinitazama kwa makini, kama anavyotazama fundi mashine anayoifahamu inapotoa mlio mpya.

Wimbo ulipokwisha, alikwenda kwenye benchi la mbele.

“Mwalimu, pokea.”

Mwalimu hakunyosha mkono. Alisema kwa sauti ya chini, “Papa, watu hawakujua. Mutoto amekufunika. Rudia kwa kiti yako.”

“Mimi njo nilijua,” Baba alisema. Akaondoa kile kipande cha mpira, akaufuta mdomo wa saksofoni kwa leso yake safi, akampa.

Mwalimu alipiga nyimbo zote zilizobaki. Alipiga vizuri sana, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi.

Tulirudi nyumbani tukiruka madimbwi, Mama akiwa mbele na sufuria kichwani. Karibu na nyumba Baba alinigeukia.

“Umeimba muzuri,” alisema. “Lakini umeingia mbele ya wakati.”

“Papa, niliogopa watu watacheka.”

“Hapana. Uliogopa nitaingia.”

Hakusema kwa hasira. Mwezi uliofuata jino lilitoka lenyewe akila muhogo wa kuchoma, akalionyesha mezani kama kichekesho. Vita vilirudi karibu, klabu ikafungwa, na njia ilipofunguka mwalimu alirudi Kibombo na saksofoni, kwa idhini ya orkestra nzima. Mimi nilirudi chuoni, nikamaliza. Sikuimba tena mbele ya watu. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hatukuzungumza tena juu ya Jumapili ile. Nilimzika bila kumuuliza kama angewahi kuingia kwa wakati.

Klabu siku hizi ni ghala la mchele. Mimi nafundisha katika shule iliyo umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka pale, na darasa langu pia halina dari. Mvua ikipiga, naacha kusema, wanafunzi wanaanza soga zao za ishara, nami nasimama dirishani nikihesabu. Wimbo ule bado naufuata kichwani, na mara nyingi mvua hukatika nikiwa nimefika mahali pengine pasipo na maana. Lakini zipo siku chache inapokatika pale pale. Wanafunzi hunitazama, wakitegemea niendelee na somo. Nafunga mdomo. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikimwachia Baba nafasi yake, na ndipo ninaposema: “Tulikuwa tumefika wapi?”