Gazeti la Bibi wa Kimarekani

Mwezi uliopita nilirudi Malindi kwa msiba wa mama mdogo, dada yake mama yangu. Siku ya pili ya matanga, watu walipopungua kidogo, nilitoka nikatembea peke yangu hadi upande wa miti ya mivinje, kule barabara ya ufukweni inakopinda. Nilitaka kuona nyumba moja ya makuti. Haipo tena. Mahali pake pana ukuta mrefu mweupe na lango la chuma, na bawabu akaniuliza kwa adabu nimekuja kumwona nani. Sikuwa na jina la kumpa. Nikarudi na hasira, na kwa kuwa wewe si mtu wa kufichwa, nakwambia hasira yenyewe ilikuwa wivu. Wivu wa miaka arubaini, juu ya nyumba ambayo sikuwahi kuingia hata siku moja.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ule mvua zilipokosekana tukala mahindi ya manjano. Kama ulikuwa mtoto wakati ule, najua bado unaisikia harufu ya sima yake, nzito, kama ya gunia lililolowa. Nyanya alikuwa akiipika na papa mkavu ili harufu moja iifukuze nyingine. Watu walisema mahindi hayo yametoka Marekani, na kwamba huko hulishwa ng'ombe. Tulipanga foleni dukani tangu alfajiri, kila mtu na mfuko wake. Waliotoka Kakuyuni na mashambani walikuwa wameshatembea masaa mawili kabla sisi wa mjini hatujaosha uso.

Binti wa mama mdogo alikuwa wa umri wangu. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja na baraza moja, na mpaka darasa la nne sikumbuki kitu alichokuwa nacho yeye ambacho mimi sikuwa nacho. Kisha mama mdogo akapata kazi ya kupika kwa bibi mmoja wa Kimarekani, mjane mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa akiishi peke yake kule kwenye mivinje. Kila Jumamosi, na siku za wiki baada ya madrasa, mama mdogo alimchukua binti yake. Bibi yule hakuwa na mjukuu karibu. Akampenda mtoto.

Baba yangu alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, akirudi mwisho wa mwezi, visigino vimepasuka. Basi mwenzangu mamake alimletea Marekani, mimi babangu aliniletea chumvi. Ndivyo nilivyokuwa nikihesabu mambo wakati ule, na Mungu anisamehe.

Bibi wa Kimarekani alikuwa na sanduku la magazeti ya zamani, ya wakati wa Vita vya Pili, alipokuwa mwanamke kijana na mumewe yuko jeshini. Alimfundisha huyo ndugu yangu, binti wa mama mdogo, Kiingereza kwa magazeti hayo. Jioni mwenzangu alirudi, akaketi barazani, akavuta kanga magotini kama mtu mzima, na watoto wa mtaa mzima wakamzunguka. Alisema huko Marekani, wakati wa vita, sukari ilikuwa kwa tikiti za serikali. Ukimaliza tikiti zako unakunywa kahawa chungu, na kahawa nayo kwa tikiti. Viatu vile vile. Akina mama walikusanya mafuta yaliyobaki kikaangoni, wakayatia kwenye kopo na kuyapeleka kwa muuza nyama, yakatengenezwe baruti. Wasichana walivaa suruali wakaenda viwandani kuunda ndege. Mimi nilikuwa nikimuuliza bei ya kila kitu: soda ilikuwa senti tano, na kwetu senti tano ilikuwa peremende moja. Jumamosi watu walikwenda sinema, na kabla ya picha kuanza walionyeshwa vita, kila mmoja akitafuta sura ya mtu wake miongoni mwa askari.

Hatukumwamini. Yaani Marekani hii inayotuletea mahindi nayo iliwahi kupanga foleni? Nyanya alikuwa akichambua mchicha pale karibu, akasema yeye ameamini. Miaka hiyo, alisema, kitambaa cha merikani cha kushonea kanzu kiliadimika Malindi, watu wakasimama foleni siku nzima kwa yadi tatu. "Sisi twapanga foleni ya merikani," akasema, "na wenye merikani wapanga foleni ya sukari. Vita havina mwenyewe."

Kilichonichoma zaidi kilikuwa mambo ya miguu. Ndugu yangu alisema soksi ndefu za hariri zilikwisha madukani kwa sababu kitambaa kilikwenda kushona miavuli ya wanajeshi ya kurukia toka kwenye ndege. Basi wasichana wa huko walijichora mstari nyuma ya mguu, toka kisigino hadi juu, ili waonekane wamevaa soksi wanapokwenda dansi. Akachukua wanja wa mamake, akajichora. Ukatoka umenyooka kama uzi. Halafu akapiga hatua za dansi aliyofundishwa na bibi yule kwa santuri, akizunguka uani, makuku yakikimbia. Nikamwomba anichore na mimi. Akanichora huku akicheka, mkono ukateleza, mstari wangu ukapinda kama mkia wa mjusi. Watoto wakaangua kicheko. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikausugua kwa maji ya chumvi na mchanga mpaka ngozi ikawa nyekundu.

Mama yangu aliona. Hakunigombeza, alinionyesha tu kanga aliyojifunga, iliyoandikwa Hasidi hana sababu, akaniambia niisome kwa sauti. Nikaisoma. Lakini mimi niliona sababu ninazo, tena nyingi.

Siku moja bibi yule akamwazima ndugu yangu gazeti moja aje nalo nyumbani. Lilikuwa pana, karatasi yake nzito, jaladani msichana amefunga kitambaa kichwani na ameshika nyundo. Ndugu yangu alilitia ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko akaufunga kwa leso. Asubuhi yake, Jumapili, tulikuwa foleni ya unga, yeye mbele yangu, gazeti kwapani kwa kuwa hakutaka kuliacha nyumbani na wadogo zake. Jua lilishapanda. Hatukuwa tumekula kitu zaidi ya chai ya rangi. Mara mama mdogo akatuma mtu kumwita, akabebe kuni.

Akanikabidhi lile gazeti. "Nishikie," akasema. "Lakini usilifungue. Mikono yako haijawa safi."

Labda hakukusudia ubaya. Kweli mikono yangu ilikuwa na vumbi la gunia. Lakini aliyasema mbele za watu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisimulia Marekani, kisha akaenda zake bila kugeuka.

Pembeni mwa duka alikuwepo mama muuza bajia. Bajia zake za dengu, na chatini ya ukwaju, zilinukia mpaka mwisho wa foleni. Mama huyo alikuwa akipokea madaftari yetu ya zamani kwa kufungia bajia, na ukimletea daftari zima alikupa bajia nne. Unga ulipokwisha kabla ya zamu yangu, nikatoka foleni na mfuko mtupu, nikamwendea. Nikafungua leso. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akapapasa karatasi, akasema hii ni nzito, haipitishi mafuta. Akanihesabia bajia kumi. Nilizila zote nyuma ya ukuta wa msikiti, za moto, ulimi ukiungua, nikimsikia akichana kurasa.

Mchana ule Marekani ilienea mtaa mzima. Fundi wa baiskeli alikula bajia juu ya picha ya jokofu. Mzee mmoja mvuvi alikunja tangazo la sabuni akalitia mfukoni, pengine kwa ajili ya yule mwanamke aliyekuwa akicheka pale. Nilimwona mtoto akilamba chatini kwenye picha, juu ya mguu wa msichana aliyejichora mstari, kisha akaitupa mtaroni.

Ndugu yangu aliporudi, nikamwambia nililiweka barazani, nikageuka, sikuliona tena. Aliniangalia. Hakulia, hakuniuliza mara ya pili. Akatafuta barazani, chini ya vitanda, akatafuta mpaka ndani ya kapu la makaa, na mimi nikatafuta pamoja naye.

Kesho yake alikwenda kwa bibi wa Kimarekani, akasema amelipoteza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye, kwa sauti kavu. Bibi alikaa kitini. Kisha akamweleza kwamba gazeti lile alilinunua wiki aliyoondoka mumewe kwenda vitani, na pembeni mwa ukurasa mmoja alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi vitu alivyokwenda kununua wiki ile na bei zake: mayai, siagi, kahawa, mkate. Ilikuwa mara yake ya kwanza kununua chakula cha mtu mmoja. Mumewe hakurudi. Bibi hakumlaumu mtoto, alimpa hata biskuti.

Lakini mama mdogo aliona haya. Alisema amana ikishapotea, uso wa kuingilia nyumba ya watu huna. Akamkataza binti yake kurudi kule. Bibi alituma salamu mara mbili kumuulizia, na mara mbili mama mdogo akajibu kwamba mtoto ana masomo. Kabla ya Ramadhani bibi akafunga nyumba akarejea kwao, na kazi ya mama mdogo ikaisha hapo.

Basi nikapata nilichotaka. Ndugu yangu akawa wangu tena, tukachota maji pamoja, tukatwanga pamoja, tukaketi kwenye baraza ile ile jioni. Nilingoja aanze kusimulia. Nikamuuliza walicheza dansi gani, walikula nini sukari ilipokwisha. Akanijibu amesahau. Watoto wengine wakatawanyika mmoja mmoja, wakaenda kusikiliza taarabu kwenye redio ya fundi wa baiskeli. Sijui yeye aliumia kiasi gani. Mimi niliikosa Marekani ile kama mtu aliyewahi kuishi huko.

Alikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza, yuko Mariakani sasa. Mimi niliolewa Mombasa nikaanza kazi ya cherehani. Tumezikiana wazazi, tumeozeshana watoto, na katika miaka yote hiyo sikumwambia.

Siku ya tatu ya matanga tuliketi uani, sisi wawili, sinia la mchele katikati, tukichagua mawe. Mikono yake imezeeka kama yangu. Nikaona mama mdogo ameshakwenda na aibu isiyokuwa yake, nami nikiendelea kunyamaza, nitakuja kumwambia nani? Nikasema, bila kuinua macho, kwamba lile gazeti nililiuza kwa bajia.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile. Ulikuwa wanuka bajia mpaka kwenye nywele."

Nikamuuliza mbona alinyamaza akabeba lawama. Akalitupa jiwe moja.

"Ningesema, mama angemwambia mamako, nawe ungepigwa mpaka ukome kuja kwetu. Wakati ule sikujua nitakatazwa kwenda kule na moyo wa kusimulia utaniisha; niliwaza tu, nani atanisikiliza? Wale wengine walikuja kupoteza wakati. Wewe ndiye uliyekuwa ukiuliza bei."

Nilidhani nitalia, au nitafarijika. Sikulia. Nakwambia ukweli, nilichokisikia kifuani ni kile kile cha siku ya wanja. Miaka yote niliibeba dhambi ile nikidhani angalau hiyo ni yangu peke yangu, kumbe nayo alikuwa nayo yeye kwanza, tena ameihifadhi vizuri kuliko mimi. Nilimwonea wivu kwa moyo wake, nikamwonea wivu hata kwa kunisamehe bila kunipa nafasi ya kuomba.

Mama muuza bajia alikufa zamani, na dada wanaouza pale sasa wanatia kwenye mifuko. Baraza yetu ilivunjwa kupanuliwa njia. Wajukuu zetu wanaiona Marekani kutwa kucha kwenye simu, kila mtoto na yake, kila mtoto kimya. Hakuna wa kusimuliwa, na hakuna wa kumwonea mwenzake kijicho kwa hadithi ya sukari ya tikiti. Watu watasema ni heri. Mimi sina hakika.

Nilimwomba ndugu yangu anisimulie tena, pale pale, mchele haujaisha. Akasema kweli amesahau mengi. Halafu akaanza na bei ya mayai.